Masahihisho kwa Jirani wa Magazeti

Jirani yetu hakuweza kusoma gazeti akiwa amekaa kitako. Alilifungua kwa mikono miwili, akalinyoosha mbele ya uso kama mtu anayeanika kanga, halafu akaanza kutembea: kutoka mlangoni kwake hadi kwenye tangi letu la maji, na kurudi, na kwenda tena. Mama yangu alikuwa akisema kwamba mzee yule akimaliza kurasa zote huwa ameshafika Kombani kwa miguu. Uani palikuwa na kijia alichokichimba kwa makubazi yake, na mvua ikinyesha kijia hicho kiligeuka mfereji uliotuletea maji jikoni. Tulilalamika. Aliomba radhi vizuri sana, akaendelea kutembea.

Mimi mwenyewe si mtu wa kutulia. Nimeacha kazi nne hapa Ukunda na Diani, nyingine kabla sijajua majina ya wenzangu, kwa hiyo ningepaswa kumwelewa. Lakini aliniudhi, na nitasema kwa nini: katika kutembea kote huko hakuwa akisoma habari. Alisoma pale juu tu, penye jina la gazeti, nambari ya toleo na mwaka lilipoanzishwa. Zaidi ya hapo aligeuza kurasa kwa heshima, kama mgeni anayeonyeshwa vyumba vya nyumba asiyotaka kuinunua.

"Habari ni za kila mtu, mwanangu," aliniambia. "Mimi nasoma umri."

Alikuwa amefanya kazi ya vyumba katika hoteli moja ya Diani kwa muda mrefu: kutandika vitanda, kubadilisha taulo, kumwaga takataka. Wageni waliteremka kwenye ndege na magazeti ya kwao, wakayasoma ufuoni, wakayaacha chini ya kitanda yamejaa mchanga. Wafanyakazi wenzake waliyachukua kufutia vioo. Yeye aliyakung'uta mchanga, akatafuta mwaka. Ukianza na kumi na nane, gazeti lilikwenda nyumbani. Usipoanza na kumi na nane, vioo vilifutwa. Kwa njia hiyo alikuwa na la Uskoti, la Ujerumani, la Italia, la Misri, na moja la Bombay alilopewa na mfanyabiashara wa Kihindi, ambalo hakujua kusoma hata herufi moja yake. Siku moja mgeni wa Kiswisi, alipojua ugonjwa wake, alimletea gazeti kongwe kuliko yote hayo, la karne iliyotangulia. Alilikataa.

"Hilo ni la karne nyingine," alisema. "Nikianza kuchanganya sitajua mwisho wangu."

Mgeni alicheka hadi akakohoa. Jirani hakuona cha kuchekesha.

Masanduku yake yalikuwa mawili, ya bati, chini ya kitanda. Juu kabisa katika sanduku la kwanza lilikaa gazeti dogo la mji wa bandari huko kaskazini ya Uingereza, mji ambao hata Waingereza walimwuliza uko wapi. Hilo ndilo lililokuwa la kwanza. Alipewa na bibi mmoja mzee aliyekaa hotelini wiki mbili, na bibi huyo ndiye mgeni wa kwanza kumwuliza jina lake, akalishika, akalitumia kila asubuhi. Alipoondoka hakulitupa gazeti. Alimkabidhi mkononi, akamwambia kwamba babu yake alilisoma, na baba yake, na kwamba halijakosa kutoka wiki hata moja tangu lianze. Jirani alinisimulia jambo hili mara nyingi, na kila mara alipofika kwenye "hata wiki moja" alisimama, yeye asiyesimama.

"Hebu fikiri," alisema. "Vita vimepita hapo. Njaa zimepita. Mtu amefiwa na mkewe, akaenda kazini akapanga herufi. Sisi hapa duka likidumu miaka mitatu tunachinja mbuzi."

Kutoka hapo likazaliwa swali lake, lile lililomzuia kutulia. Kwa kila gazeti aliuliza neno moja: lipo? Hakutaka kujua linasema nini. Alitaka kujua kama bado linatoka. Zamani jibu lilikuja na ndege, maana wageni wapya walikuja na matoleo mapya. Halafu wageni wakaanza kuja na simu. Alipostaafu alikuwa akienda kusimama karibu na uwanja mdogo wa ndege hapo Ukunda, shati limepigwa pasi, akiwaangalia wageni kwapani. Akaona mikoba, akaona chupa za maji. Kijana mmoja wa bodaboda aliyetoka bara alimwonea huruma.

"Buda, hizo vitu zote ziko kwa simu siku hizi. Unajitesa bure."

"Kwa simu ziko, mwanangu," alimjibu. "Lakini kwa simu hata waliokufa wako."

Simu hakuitaka kabisa. Binti yake aliyeolewa Msambweni alimnunulia moja nzuri, akaitumia kama kizito cha kushikia karatasi zisipeperuke. Mtu huyuhuyu, lakini, alikuwa mteja wa kwanza wa wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye huuza bajia na viazi karai barazani kwetu baada ya Alasiri. Bajia hufungwa kwa gazeti kuukuu, kila mtu anajua, na wifi hununua marobota ya magazeti dukani kama anavyonunua unga wa dengu. Jirani alikula bajia zake amesimama, akasoma karatasi iliyolowa mafuta, na hilo halikumuumiza roho hata kidogo. Nilimshika siku moja.

"Mzee, hayo si magazeti?"

"Ni ya juzi haya. Wacha yafanye kazi yakue."

Kitu kimoja tu wifi yangu hakifungii bajia, wala mwuzaji mwingine yeyote wa huku: karatasi yenye maandishi ya Kiarabu. Hajui Kiarabu zaidi ya sala. Lakini akiona herufi zile katika robota huacha kazi, akanawa mikono, akaitenga karatasi, na jioni huipeleka msikitini, kwenye rafu ya misahafu iliyochakaa. Huenda ni tangazo la matairi. Yeye hawezi kujua, na asiyejua haweki mafuta.

Kuna mara moja nilimwona jirani amekaa. Mtalii mmoja alimweleza kwamba gazeti la mji wao, lililovuka miaka mia, limefungwa, mitambo imeuzwa. Jirani alikuja nyumbani, akaketi kwenye ngazi ya mlango wake, akasema innalillahi. Kesho yake alimwomba wifi amkaangie kaimati sinia nzima, akazigawa kwa watoto wa mtaa. Imamu alipita, akamchokoza.

"Mzee, gazeti halina roho. Umezua nini tena?"

"Sikulisomea hitima, maalim. Nimegawa kaimati tu. Kuna dhambi?"

"Kaimati hazina dhambi," alisema imamu, akachukua mbili.

Baada ya hapo mtaa ukazoea. Watoto wakawa wanauliza kama hakuna gazeti lililokufa wiki hii.

Alikuwa na neno jingine alilolirudia, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Alisema magazeti yote yenye umri yana kona moja ndogo ya kuomba radhi. Yamekosea jina la mtu, au bei ya samaki, na kesho yake yanasema: jana tulisema hivi, si kweli, ukweli ni huu. Gazeti lisilo na kona ile, kwake, lilikuwa porojo lenye wino. Yeye mwenyewe alifanya hivyo. Aliwahi kuniambia kwamba msiba wa Ramisi ni Jumanne, akagundua ni Jumatano, akaja kunigongea kabla ya kifungua kinywa kuniambia, "Masahihisho." Niliona ni uzee. Nilikuwa nimeshaambiwa na watu watatu.

Basi macho yake yakafunga ukungu, na daktari akasema atapasuliwa yote mawili. Siku ilipotoka iliangukia Ramadhani, na Ramadhani ile ilikuja pamoja na mvua za kwanza. Kabla ya kwenda alinipa ufunguo.

"Bati langu lavuja pale juu ya kitanda. Mvua ikipiga, nitolee vitu vyangu uvianike. Kimoja kimoja, mwanangu. Usivitupe."

"Mzee, mimi nimewahi kutupa nini?"

"Kazi nne," alisema, akapanda tuktuk.

Mvua ilipiga usiku huohuo. Asubuhi masanduku yote mawili yalikuwa yameingia maji kwa chini. Niliyatoa magazeti, nikayatandaza barazani kwetu kwa sababu kwake hapakuwa na jua, nikaona kazi nzuri nimeifanya. Kufikia Adhuhuri yalikuwa yamekauka. Nikayakunja, nikayapanga robota moja, nikalifunga kwa kamba lisipeperuke. Halafu nikapigiwa simu kuitwa Diani kwenye usaili wa kazi ya tano. Nikaondoka mbio. Sikumwambia mtu neno.

Wifi alitoka na karai lake saa za Alasiri. Akakuta robota limefungwa kwa kamba, barazani kwake, mahali ambapo mwenye duka humwekea marobota yake siku zote. Ramadhani watu hununua bajia kama wanaokimbizwa na moto, na mimi nilipokuwa nikishuka kwenye gari nilikutana na mtoto amebeba futari ya kwao ndani ya Italia. Nilimnyang'anya. Akalia. Nikakimbia. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kabla ya adhana, nikibisha hodi na kuomba karatasi, watu wakiwa na tende mkononi wananitazama kama nimerukwa na akili. Nilipata vipande tisa, vyote vimelowa, na kwenye kimoja tu ndipo mwaka ulisomeka. La kwanza, lile dogo la mji wa bandari, sikulipata kabisa.

"Ningejuaje mimi?" wifi alilia. "Si ungesema! Ona, hata lile la Kiarabu nimelitenga, nimelipeleka msikitini kwa adabu yake!"

Lililobaki zima duniani katika mali ya yule mzee lilikuwa la Misri, na lilikuwa limelala rafuni kati ya misahafu.

Ningemwambia siku aliporudi. Nilijiandaa. Lakini aliteremka na miwani myeusi, amekatazwa kusoma wiki tatu, na neno la kwanza baada ya salamu likawa, "Yamepona?"

"Yamepona, mzee."

Njia ya mwongo ni fupi, tuliambiwa shuleni. Yangu ilikuwa na urefu wa baraza moja, na niliitembea kila siku. Alitaka nimsomee, kwa kuwa yeye haruhusiwi. "Nisomee la Uskoti leo." Nami niliingia kwake, nikajaza masanduku magazeti ya Nairobi kutoka kwa wifi, nikatoka na moja, nikaliparuza-paruza lisikike, na ndani yake nikaficha simu. Nilitafuta gazeti lenyewe kwenye simu, nikamsomea yaliyokuwapo, nikiyageuza kwa Kiswahili. Alikuwa akitembea, mimi nimekaa. Leo Uskoti, kesho Ujerumani kwa Kijerumani cha kubahatisha, ambacho yeye, aliyejifunza chake hotelini, alikisahihisha.

Siku ya nane aliomba la kwanza.

Nililitafuta. Lilikuwepo kwenye simu, jina lake na herufi zake za zamani, na chini yake tangazo fupi: wanawashukuru wasomaji wao, hili lilikuwa toleo la mwisho. Lilikuwa na umri wa miaka kadhaa tangazo hilo. Jirani alikuwa amefika kwenye tangi la maji, anageuka. Nikakumbuka kwamba aliwahi kuliandikia barua, akampa mgeni akaitie posta kwao, na hakupata jibu, na akasema labda wana kazi nyingi.

"Linasemaje?"

Nikatunga. Nikasema kuna maonyesho ya mboga, kuna meli imeingia, shule imepata paa jipya. Nikatunga na nambari ya toleo. Akaitikia kwa kichwa kila jambo, na meli akaniomba nirudie. Nilipoingia ndani kurudisha gazeti nililia, kisha nikakasirika kwa sababu nilikuwa nalia.

Kabla wiki tatu hazijatimia binti yake alikuja kumchukua akae naye Msambweni. Masanduku akaniachia mpaka lipatikane gari. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikajitia hamnazo miezi mingi. Kazi ya tano niliipata na nikaiacha. Nilikuwa nikianza safari ya Msambweni, nikifika stendi, nikirudi. Usingizi ulikuwa wa kuokoteza. Mama alinitazama nikizunguka uani, akasema kijia kile kimepata mtu mpya.

Mwishowe nilikwenda msikitini kuomba gazeti la Misri. Imamu alilitoa rafuni, akalifungua kwa mara ya kwanza, akasoma kidogo, akavuta ndevu.

"Hapa ni mpira," alisema. "Na hapa ni sabuni ya kufulia. Na sisi tumeliweka juu ya vichwa vyetu mwaka mzima."

"Nipe, maalim. Ni la mtu."

"Chukua. Limeswali jamaa kuliko wewe."

Nilimkuta Msambweni, kwenye kibaraza cha binti yake, bila miwani. Alikuwa amekonda, na alikuwa anatembea: hatua nne kwenda, nne kurudi, mkono ukutani. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza habari za mama, za wifi, za bati lake. Nikashindwa kungoja zamu yangu. Nikamwekea gazeti la Misri mkononi, nikamwambia yote: robota, kamba, bajia, vipande tisa, simu.

Alilifungua, akatafuta mwaka, akaupata. Akalikunja.

"Nilijua siku ya pili," alisema. "Lile la Uskoti nililihifadhi miaka kumi na zaidi. Wewe ukanisomea dhoruba ambayo redio iliitangaza asubuhi ileile."

"Na ulinyamaza?"

"Ningefanya nini? Miaka yote nauliza kama yapo, hakuna wa kunijibu. Wewe wakaa pale waniambia ya leo. La Uskoti lipo. La Ujerumani lipo. La Italia lipo. Karatasi zile zilikuwa maganda, mwanangu. Nilikuwa natunza maganda." Alitembea zamu moja. "Tena wewe hukai kitako popote. Kwangu ulikaa."

Niliangalia makubazi yake. Yeye akasimama mbele yangu, macho yake mapya yameng'aa, ameniinamia kidogo.

"Na la kwanza? Lile la bibi. Lipo?"

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya swali hilo. Nilikuwa nimelipanga jibu garini, toka Ukunda hadi pale, kwa maneno yake mwenyewe: jana tulisema hivi, si kweli, ukweli ni huu. Mdomo wangu ukafunguka.

"Lipo, mzee."

"Hata wiki moja?"

"Hata wiki moja."

"Alhamdulillahi," alisema. Akakivuta kiti, akaketi, akaegemea nyuma, akaweka miguu yake sawa. Binti yake alitoka na chai, akasimama mlangoni na sinia, kwa sababu alikuwa hajaona jambo hilo. Tulikunywa chai tumekaa sote. Hakuinuka mpaka nilipoaga.

Alifariki baada ya Idi Kubwa. Watu husema nilifanya wema, na mama ndiye wa kwanza kusema. Huenda. Lakini yeye hakuwa na haja ya wema wangu. Aliuliza kitu kimoja maisha yake yote, na mimi peke yangu nilikuwa na jibu. Nimejaribu kazi ya sita na ya saba. Sikai.

Basi nimeandika karatasi moja, nimeitia katika sanduku la kwanza, juu kabisa, pamoja na la Misri ambalo binti yake alinirudishia. Imeandikwa hivi:

Masahihisho. Siku ya nane, na tena Msambweni, tulisema kwamba gazeti la bibi lipo. Si kweli. Lilifungwa kabla ya macho yako kupasuliwa. Hapakuwa na meli. Tunakuomba radhi. Kaimati zimegawiwa kwa watoto leo, baada ya Alasiri.